Uzi: Flow, katuni ya paka isiyo na neno hata moja. Yule ndege alienda wapi?

#1 Wanja_Umoja2

Niaje wasee. Naleta madai hapa na niko tayari kupingwa. Flow ndio katuni ya wanyama kali zaidi nimewahi ona, na ukali wake umetoka kwa kitu kimoja, hakuna mnyama anafungua mdomo kuongea kama binadamu. Dakika themanini na kitu bila neno hata moja. Paka analia kipaka, mbwa anabweka, lemuri anapiga zile kelele zake, na bado unajua nani amekasirika, nani anaringa, nani ameogopa mpaka miguu inatetemeka.

Kwa wale hawajaiona: maji yanafunika dunia, watu hawapo, ni nyumba zao tu zimebaki, paka mmoja wa rangi ya majivu iliyokolea anapanda mashua yenye kapibara amejilalia, halafu wanaongezeka lemuri, mbwa wa manjano na ndege karani mweupe. Basi, hiyo ndio stori yote. Na kama hujaiona toka kwa huu uzi mapema juu nitasema mwisho.

Swali langu: pale juu kwa zile nguzo ndefu za mawe, ndege anainuliwa kwa mwanga anapotea, paka naye anainuliwa kidogo halafu anarudishwa chini. Ndege alikufa? Na mbona paka akaachwa?

#2 Kevo_Makadara

Alikufa, mambo ni hayo tu. Angalia venye alivunjwa bawa na kiongozi wa kundi lake kwa sababu alimtetea paka. Kundi likaruka likamwacha. Tangu hapo hajaruka, anatembea na kushika usukani wa mashua kwa mguu. Ndege asiyeruka safari yake imeshaisha, alikuwa anatafuta tu mahali pa kuimalizia. Paka alirudishwa juu wakati wake haujafika.

#3 Mama_Taji

Asante kwa uzi. Kevo mimi sikubaliani na wewe. Mtu aliyekufa anabaki mwili, pale hakuna mwili. Rudia uangalie, zimebaki manyoya tu. Mimi nilisoma hivi: alikuwa amebeba aibu ya kukataliwa na wenzake, na pale juu ikamtoka, ndio maana akawa mwepesi. Paka bado alikuwa na hofu ya maji na hofu ya kuachwa, uzito wake haukuwa umeisha.

#4 Barobaro_wa_Tudor

Salaam kutoka Mombasa. Filamu nzuri wallahi. Hawa Wafaransa wanajua katuni, na Oscar mbili walizochukua walistahili kabisa.

#5 Fundi_Picha

@Barobaro karibu, lakini turekebishe hapo. Filamu ni ya Latvia, Ufaransa na Ubelgiji walikuwa washirika wa kuitengeneza. Dairekta ni Gints Zilbalodis. Na Oscar ni moja, ya katuni ndefu bora, tarehe 2 Machi 2025. Ilikuwa imeteuliwa pia upande wa filamu za kimataifa lakini hiyo ikaenda Brazil. Ndiyo Oscar ya kwanza ya Latvia. Golden Globe walikuwa wameshachukua Januari mwaka huohuo, na huko Riga wakamjengea yule paka sanamu.

Sasa sikizeni kitu chenye kinanipa nguvu mimi wa kazi hii. Latvia nchi nzima haifiki watu milioni 2. Nairobi peke yake sensa ya 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Bajeti ilikuwa kama yuro milioni 3.5, na kwa studio kubwa za Marekani hiyo ni hela ya sehemu ndogo tu ya filamu moja. Na wote walifanya kazi na Blender, programu ya bure ya kutengeneza katuni, ile yenye mimi na wewe tunadauniloudi hapa kwa bando ya usiku. Ilichukua miaka mitano na nusu. Dairekta hakuchora zile picha za kupanga matukio kabla ya kuanza, alijenga dunia yake ndani ya kompyuta halafu akaingia na kamera kutafuta pa kusimama. Ndio maana kamera yake inazunguka bila kukatwa, inamfuata paka kwa nyasi, inaingia naye majini, inatoka naye, na wewe unajikuta umeshika pumzi.

#6 Kevo_Makadara

Mama Taji manyoya yamebaki, si ndio ushahidi wenyewe? Manyoya ndio yanabakinga kuku akichukuliwa na mwewe.

#7 Mama_Taji

Kevo usinichekeshe, mwewe gani kwa mwanga wa mbinguni.

#8 Dereva_wa_Langata

Habari zenu. Mimi nabeba watalii kwa Nairobi National Park na nataka kuongea juu ya ndege karani, maana nyinyi mnamuongelea tu habari ya roho.

Kwanza, huyo ndege ni wetu. Yuko hapo tu, ng'ambo ya Lang'ata Road, mrefu, karibu mita moja na robo, miguu imevaa kaptura nyeusi, kisogoni manyoya yamesimama. Anatembea nyasini siku nzima anatafuta nyoka, panzi na panya, na akipata nyoka hamdonoi kwanza, anampiga teke. Walimpima mmoja kule Uingereza wakapata teke lake lina nguvu mara tano ya uzito wake. Nimewahi kumwona akimaliza nyoka karibu na gari, wageni wangu walisahau kabisa kupiga picha. Anashusha mguu na kichwa cha nyoka kinabaki kimebandikwa kwa udongo, halafu anasimama ametulia anaangalia pembeni, anaanza tena.

Pili, kwa filamu wamewaweka kundi kubwa lenye mfalme. Karani wa kweli haishi hivyo, utawaona wawili wawili, mume na mke, na kiota juu ya mgunga. Lakini ule mwendo wameupata sawasawa, venye anatupa mguu mbele na kichwa kinabaki palepale. Aliyechora aliangalia ndege kwa muda mrefu sana.

Tatu, na hii ni ya kuhuzunisha, tangu 2020 amewekwa kwa orodha ya walio hatarini kutoweka, juu nyasi zinaisha. Kwa hivyo mimi nikimwona anapaa anapotea sikuwaza mbinguni, niliwaza Kitengela, pale kusini mwa park, na maploti.

#9 Wanja_Umoja2

Dereva umenipiga na hiyo ya mwisho. Sikuwa nimeiwaza hata kidogo.

#10 Mwalimu_Atieno

Mchango wangu mfupi, au nijaribu. Nafundisha watoto viziwi hapa Nairobi. Katuni nyingi tukiwawekea huwa ni mimi nasimama kando ya skrini nafasiri kwa lugha ya ishara, macho yao yanaenda kwangu, yanarudi kwa picha, yanarudi kwangu, na nusu ya picha inapita. Hii niliiweka nikakaa nyuma. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Baadaye ndio wakanieleza mimi, tena kwa undani ambao sikuuona. Kuna msichana aliniigizia masikio ya paka katika kila tukio: yakiwa yamelala nyuma, yakiwa yamesimama, moja limegeuka kando. Alikuwa amesoma filamu yote kwa masikio ya paka.

Kuhusu ndege, darasa liligawanyika katikati. Wengine walisema amekwenda kwa mama yake. Mmoja alisema ndege alijitoa ili maji yashuke, na ukiangalia ni kweli, baada ya yeye kuondoka ndio maji yanaanza kupungua.

#11 Kevo_Makadara

Hiyo ya maji kupungua nimeisikia. Kwa hivyo ni kafara.

#12 Farah_Section_Three

Mwalimu hiyo ni nzuri sana, lakini isiyo na maneno si isiyo na sauti. Sauti ndio zilinishika mimi. Yule kapibara akiguna, mimi nilisimamisha filamu nikamwambia ndugu yangu huyu si mnyama wa mto, huyu ni mtoto wa ngamia. Akanicheka. Mimi nimekulia Wajir, nimelala kando ya zizi, siwezi kosa kumjua nirigi akiita mamake.

#13 Fundi_Picha

@Farah uko sawa kabisa na ndugu yako akuombe msamaha. Sauti za wanyama wote ni za wanyama wa kweli, hakuna mtu aliyeigiza. Walienda mpaka kwa kapibara mwenyewe wakamtekenya wamrekodi, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba na ya juu, haikulingana na ule utulivu wake, ndio wakaweka mtoto wa ngamia.

#14 Farah_Section_Three

Namtumia ndugu yangu huu uzi sasa hivi.

#15 Njoro_Mtaani

Wasee mimi nauliza tu, DJ Afro, yule wa kutafsiri muvi kwa Kiswahili, akiiweka sauti je? Hebu wazia ile kibanda ya muvi imejaa, paka ameanguka majini na jamaa anaunguruma "huyu kijana wa mtaa ameingia kwa shida"...

#16 Mama_Taji

Njoro toka hapa.

#17 Mwalimu_Atieno

Njoro la hasha!

#18 Dereva_wa_Langata

Mimi namtetea Njoro. Nimekulia kwa hizo kibanda. Mtu akitafsiri haimaanishi hamwelewi picha, ni vile watu wanapenda kutazama wakiwa pamoja, kila mtu anatupa neno, mwingine anajibu. Na katuni ya wanyama wanaoongea si dhambi. Sungura na fisi wanaongea tangu babu zetu. Hata ile Tinga Tinga Tales iliyochorwa hapahapa Nairobi na Homeboyz, ikaonyeshwa kwa BBC 2010, wanyama wote walikuwa domo kaya na watoto wangu waliipenda.

#19 Wanja_Umoja2

Dereva sungura wa ngano ni mtu amevaa ngozi ya sungura, na hiyo ni sawa, kazi yake ni kutufundisha ujanja wa watu. Huyu paka hatufundishi kitu. Anaogopa maji kipaka, anavizia samaki kipaka. Angalia vile anajifunza kupiga mbizi, mara ya kwanza anaanguka tu, anameza maji, baadaye anaanza kuingia mwenyewe, na kuna siku anarudi na samaki anawagawia wengine. Hakuna mtu ametuambia "paka amekuwa mkarimu". Umemwona tu ameshusha samaki na kurudi nyuma hatua moja.

#20 Otis_Mathare4A

Nimesoma yote kimya lakini hapa lazima niandike. Mimi hiyo filamu haikuwa hadithi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitukuta Mathare, mto ulikuja usiku na tope na mabati ya watu, tukapanda juu ya nyumba ya gorofa ya jirani. Asubuhi kulipopambazuka tuliona ng'ambo, juu ya paa moja la mabati lililobaki, mbwa, paka na kuku wawili. Huyo mbwa namjua, ni mbwa wa kula kuku mchana kweupe, watu walishataka kumpiga mawe kwa hiyo tabia. Alikuwa amelala na kuku wamesimama karibu na mgongo wake, paka upande ule mwingine amejikunyata. Walikaa hivyo mpaka maji yaliposhuka. Kwa hivyo mtu akiniambia hiyo mashua ni mambo ya kubuni, mimi nilishaiona.

#21 Mama_Taji

Pole sana Otis. Pole kwa wote mliopitia hiyo.

#22 Daktari_wa_Kuku

Pole Otis. Mimi natibu mifugo na naomba niseme bila kuharibu ulichoona. Mnyama akizidiwa na hofu anazima, hata njaa inamtoka, mbwa hawezi kuwinda akiwa amelowa, anatetemeka na hajui ardhi iko wapi. Siyo urafiki, ni mwili umefunga kazi zote isipokuwa kuishi. Na filamu yenyewe inalijua hilo. Kumbuka wale mbwa wengine mwishoni, wanasaidia kuvuta kamba ya kumwokoa kapibara kwa ile mashua iliyonasa kwa mti, sungura anapita, wote wanaachia kamba wanakimbiza sungura. Maji yalipoisha mbwa akarudi kuwa mbwa.

#23 Otis_Mathare4A

Daktari nakuelewa, lakini yule mbwa wa manjano mbona alibaki?

#24 Wanja_Umoja2

Hapo ndio hapo!

#25 Daktari_wa_Kuku

Labrador amefugwa na watu kwa vizazi vingi ili abaki. Lakini nakubali hilo jibu langu halitoshi.

#26 Karis_wa_Kangema

Niliitazama na shosho wangu alipokuja kliniki Nairobi. Huwa televisheni inamchosha, kila dakika "amesema nini huyo?" Hii hakuuliza kitu. Alikuwa ananihadithia yeye. Kapibara alimwita nguruwe mwanzo mpaka mwisho na sikuthubutu kumsahihisha.

#27 Kevo_Makadara

Si ni nguruwe kweli? Ama ni kiboko mdogo?

#28 Daktari_wa_Kuku

Kevo, ni panya! Kapibara ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya panya, wa Amerika ya Kusini. Lemuri wa Madagascar, karani wa kwetu, mbwa wa mtu. Wamekutanishwa na maji tu.

#29 Karis_wa_Kangema

Nikimwambia shosho kwamba alikuwa anamwonea huruma panya hatanisamehe, nitanyamaza. Kuhusu ndege, shosho alisema "ameitwa". Nikamuuliza na nani, akaniangalia kana kwamba mimi ndio sijaelewa. Kuhusu maji alisema hayo yalikuja na yatakuja tena, na mimi nilipuuza mpaka niliporudia mwanzo peke yangu. Mwanzoni kabisa, kabla ya gharika, kuna mashua imenasa juu ya mti. Tayari. Na wale swala wanaokimbia mbele ya maji, mwishoni wanakimbia tena.

#30 Barobaro_wa_Tudor

Subhanallah, hiyo mashua sikuiona. Mimi niliichukulia kuwa ni tufani ya Nabii Nuhu isiyo na Nuhu. Safina ipo, wanyama wapo, mwenye kuwaamrisha hayupo, wakaamrishana wenyewe. Sasa mkisema maji yanajirudia rudia, itabidi nifikirie upya.

#31 Njoro_Mtaani

Na nyangumi amekufa kila mara maji yakishuka? Ile ilinivunja roho kusema ukweli. Ameokoa paka, amewapitia mara kadhaa, halafu mwisho yuko msituni kwa matope hawezi kupumua vizuri, paka anamsugulia kichwa kwa shavu. Yeye ni gharika iliyomleta, kuisha kwa gharika ndio kifo chake. Wenzake wakipona yeye anaisha.

#32 Fundi_Picha

Njoro ulizima mapema. Majina yote yakishapita, mwisho kabisa, nyangumi anatokea baharini.

#33 Njoro_Mtaani

Wacha! Ni yeye?

#34 Fundi_Picha

Anafanana naye.

#35 Kevo_Makadara

Ni mwingine. Yule wa msituni hakuwa na njia ya kufika baharini, labda abebwe.

#36 Mama_Taji

Ama maji yalirudi, kama shosho alivyosema. Hao swala hawakimbii bure.

#37 Mwalimu_Atieno

Wanafunzi wangu walisema ni ndoto ya paka. Lakini hao hao walisema mambo ya ndege na mama yake, kwa hivyo kila mtu ashike lake. Mimi nabaki na ile picha ya dimbwi, wanne wanajiangalia kwa maji. Mwanzo wa filamu paka alikuwa peke yake anajiangalia kwa maji vilevile.

#38 Ken_8GB

Niaje, samahani kuingilia. @Fundi_Picha nimejaribu kuweka Blender kwa kompyuta ya RAM 8, manyoya ya paka inakataa kabisa, inaganda. Huyu Mlatvia aliweza aje?

#39 Fundi_Picha

@Ken angalia manyoya ya huyo paka kwa ukaribu, hayajachorwa unywele kwa unywele. Ni umbo limepakwa rangi kwa mistari ya brashi na mwanga unafanya kazi iliyobaki. Ukisimamisha picha utaona mabaka. Kinachokudanganya kwamba ni manyoya ni mwendo, bega likipanda, mkia ukichelewa nyuma ya mwili. Tena alitumia EEVEE, ile injini nyepesi ya Blender, siyo ile inayochukua saa nzima kwa picha moja. Anza na paka wa umbo tu bila unywele, mfundishe kutembea kwanza. Rekodi paka wa jirani kwa simu ufuatishe hatua zake. Niandikie pembeni nikutumie mpangilio wangu.

#40 Ken_8GB

Shukran mkuu. Na kama nataka kuchora karani naye nimpate wapi nimrekodi akitembea?

#41 Dereva_wa_Langata

Ken ingia park asubuhi mapema kabla jua kuwa kali, lipa kwa eCitizen kabisa usichelewe langoni, halafu uende upande wa nyasi wazi kule kusini, usikae msituni. Ukimwona zima injini, usishuke, mwache apite mbele yako mwenyewe. Rekodi miguu, watu wengi wanarekodi kichwa. Na Kevo, twende sote siku moja, umwone akipaa ndio urudi hapa utuambie alikufa.

#42 Kevo_Makadara

Nitakuja. Lakini alikufa.